Jeraha ambalo Daniel Hale Williams hakulishona

Karibu kila kundi la madaktari wapya ninaowafundisha upasuaji huwa na mmoja atakayeniambia kwamba Daniel Hale Williams, Mmarekani mweusi, ndiye mtu wa kwanza duniani kupasua moyo. Mimi ni shabiki wake mkubwa, lakini hapo hukataa.

Usiku wa tarehe 9 Julai 1893, kijana aitwaye James Cornish alichomwa kisu kifuani katika ugomvi wa baa, Chicago. Kitundu chenyewe kilikuwa kidogo, lakini kulipokucha hali yake ilikuwa imezorota. Mimi leo ningeomba eksirei na damu ya akiba kabla sijashika kisu. Eksirei iligunduliwa 1895. Damu ya kuongezea haikuwepo, wala antibayotiki. Williams aliamua kufungua. Akakata gegedu ya ubavu wa tano, akafunga mshipa uliokuwa ukivuja, ndipo akaona mfuko unaozunguka moyo umechanika kama sentimita tatu. Kwenye msuli wa moyo penyewe palikuwa na kidonda kidogo kisichotoa damu.

Akakiacha. Alishona mfuko tu, kwa katigati, uzi unaotengenezwa kwa utumbo wa mnyama, akifuata mapigo ya moyo uliokuwa ukirukaruka chini ya sindano yake. Daktari mwenye hamu ya sifa angeongeza uzi mmoja pale kwenye msuli, na pengine angemuua mgonjwa. Wiki tatu baadaye alimrudisha Cornish mezani kutoa maji yaliyojaa kifuani, na baada ya siku 51 mgonjwa akaenda nyumbani. Aliishi zaidi ya miaka 20.

Daktari mwingine, Henry Dalton wa St. Louis, alishashona mfuko wa moyo wa mgonjwa wake mwaka 1891, na msuli wa moyo wenyewe ulishonwa kwa mafanikio na Ludwig Rehn, Frankfurt, mwaka 1896. Williams alichapisha taarifa yake 1897.

Kwangu mimi, kazi yake kubwa zaidi ni kile kitanda alicholazwa Cornish, yaani hospitali yenyewe. Williams alizaliwa Hollidaysburg, Pennsylvania, mwaka 1856, mtoto wa kinyozi. Baba alipofariki, akapelekwa kwa fundi viatu Baltimore, akatoroka. Baadaye alinyoa watu Janesville, Wisconsin, hadi Dkt. Henry Palmer alipomchukua kama mwanafunzi wake. Alihitimu udaktari Chicago mwaka 1883. Emma Reynolds, binti mweusi, alipokataliwa na vyuo vya uuguzi vya jiji hilo, Williams na wenzake walianzisha Hospitali ya Provident, mwaka 1891: vitanda 12, chuo cha wauguzi, madaktari weusi na weupe. Kwenye usafi wa chumba cha upasuaji hakuwa na mzaha, na nadhani ndiyo maana kifua cha Cornish hakikuoza.

Mwaka 1894 alihamia Hospitali ya Freedmen's, Washington. Mwaka uliofuata alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha madaktari weusi. Hakuwa mtu rahisi; alirudi Provident, lakini migogoro ilimtoa huko 1912. Mwaka mmoja baadaye, Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Marekani kilipoanzishwa, mweusi pekee kati ya wanachama wa mwanzo alikuwa yeye. Na kwa miaka mingi alikuwa akisafiri hadi chuo cha udaktari cha Meharry, Nashville, bila mshahara, kupasua huku wanafunzi wamemzunguka wakitazama mikono yake.