Talos IV na wakubwa wengine waliojifungia: dhana na ukweli

Tamthilia za anga za miaka ya 1960 zilipenda sana watu wa aina moja: wamestaarabika kabla binadamu hajajua kuwasha moto, wanaweza kuzima chombo kizima kwa kuwaza tu, lakini hawataki wageni. Mtazamaji hubaki na kumbukumbu ya nguvu zao, akasahau kwa nini walifunga mlango. Ukirudi kuvitazama vipindi vyenyewe, mengi tunayoyasimulia juu yao hayamo.

Dhana: Watu wa sayari ya Talos IV walijificha kwa kuwa hawakumhitaji mtu.

Hawa ndio wa kwanza kabisa katika Star Trek, tamthilia ya Marekani ya safari za anga. Wamo kwenye "The Cage", kipindi cha majaribio kilichoanza kupigwa mwishoni mwa 1964. Nahodha Christopher Pike, akiigizwa na Jeffrey Hunter, anavutwa na wito wa watu waliopotelewa na chombo chao, kumbe ni chambo. Anazinduka chini ya ardhi, nyuma ya kioo, kama mnyama wa maonyesho. Wenyeji wake wana vichwa vikubwa vyenye mishipa inayopwita, wanasema bila kufungua midomo, na wanaweza kumwonyesha lolote: ngome na jitu la kupigana nalo, farasi malishoni, hata moto wa jehanamu.

Sasa sikiliza habari yao. Vita iliuteketeza uso wa sayari yao maelfu ya karne kabla. Waliosalia wakashuka chini, wakakuza akili hadi wakaweza kutunga viinimacho vya kila namna, na viinimacho vikawalevya. Wakaacha kusafiri na kujenga. Hata mitambo waliyoachiwa na mababu hawajui tena kuitengeneza ikiharibika. Kazi yao ni kukaa na kutazama maisha ya wengine. (Kwa kipindi kilichotungwa ili kiuzwe kwa kampuni ya televisheni, huo ulikuwa utani mkali.)

Kwa hiyo walimhitaji Pike, tena mno. Walimtaka awe jogoo wa mbegu: azae na mwanamke wa kibinadamu, na uzao wao uje kuifufua ardhi ya juu ambayo wenyewe hawana tena mikono ya kuigusa. Na nguvu zao zina tundu. Mtu akijijaza hasira na chuki, hawawezi kuisoma akili yake. Walishindwa bila vita, pale msaidizi wa nahodha alipotegesha silaha ilipuke iwaue mateka wote, wafe kuliko kufugwa. Ndipo wenyeji wakakiri kwamba binadamu huchukia kifungo hata kiwe kitamu, wakawaachia.

Dhana: Talos IV ilipigwa marufuku kwa sababu ya ukatili wa wenyeji.

Marufuku yenyewe tunaisikia katika "The Menagerie", kipindi cha sehemu mbili kilichoonyeshwa Novemba 1966: atakayekwenda huko adhabu yake ni kifo. Wengi hudhani sheria inawakinga watu na wateka nyara. Lakini mwishoni mwa "The Cage" Pike mwenyewe anapendekeza ushirikiano, na mlinzi wake wa jana ndiye anayekataa. Anamwambia binadamu wangejifunza nguvu ya viinimacho, nao wangejimaliza kama wao walivyojimaliza. Kinachoogopwa pale ni utamu. Ndiyo maana hadithi inaweza kugeuka bila kujipinga: katika "The Menagerie" Pike amelemaa, yuko kwenye kiti, hana usemi zaidi ya taa inayowaka na kuzima, na Spock, afisa wake wa zamani, anahatarisha shingo yake kumpeleka kulekule alikofungwa. Kwa mtu aliyebakiwa na akili tu, gereza lile ni nyumba. Sheria ikalegezwa kwa ajili yake.

Dhana: Kituo cha televisheni cha NBC kilikikataa kipindi cha "The Cage" kwa sababu msaidizi wa nahodha alikuwa mwanamke.

Hii Gene Roddenberry, mtunzi wa tamthilia, aliisimulia miaka mingi. Lalamiko maarufu la NBC lilikuwa kwamba kipindi kinachosha kichwa, kina mawazo mengi kuliko vitendo. Herbert Solow na Robert Justman, waliofanya naye kazi, waliandika baadaye kwamba kituo hakikumkataa mwanamke kwenye cheo hicho. Kilimkataa mwigizaji, Majel Barrett, kwa kuwa alijulikana kuwa mpenzi wa Roddenberry. Mimi nawaamini hawa wawili zaidi. Na tukiwa hapohapo: wale wazee wa Talos wanaodhaniwa wanaume waliigizwa na wanawake. Meg Wyllie ndiye mlinzi mkuu, na sauti ya "The Cage" akatiwa na Malachi Throne.

Dhana: Balok wa Star Trek ni lile zimwi la macho makali.

Sura ile ni mwanasesere. Katika "The Corbomite Maneuver" mwenye chombo cha kutisha ni kijitu cha kimo cha mtoto, aliyeigizwa na Clint Howard akiwa na miaka 7, na anachotaka ni mtu wa kunywa naye na kuzungumza. Mpweke kabisa.

Dhana: Watu wa Organia ni polisi wa amani wa anga nzima.

"Errand of Mercy", kipindi cha Star Trek cha Machi 1967, kinawaonyesha kama wanakijiji wa zama za kati, wazee wa baraza wanaotabasamu huku Waklingoni, maadui wa binadamu, wakiingia na silaha. Nahodha Kirk, aliyeshika nafasi ya Pike, anawadharau wazee hao waziwazi. Kisha silaha za pande zote mbili zinageuka moto, hazishikiki, na vita inakufa kabla ya kuanza. Hakuna kazi waliyokuwa wakiichukia kama hiyo. Wanasema wazi kwamba kuingilia mambo ya watu ni karaha kwao, na kwamba kukaa tu karibu na viumbe wenye hasira kunawaumiza. Ni mzee aliyetoka usingizini, akawanyang'anya watoto mawe, akarudi kulala. Ninachokipenda zaidi ni aibu ya Kirk: analalamikia haki yake kuporwa, anaulizwa haki gani, ndipo anapogundua anadai haki ya kupigana.

Dhana: Mabwana wa Wakati wa Doctor Who walikuwapo tangu mwanzo, na hawaingilii mambo ya watu.

Tamthilia hii ya Uingereza, inayomhusu Daktari anayesafiri katika wakati, ilianza Novemba 1963. Mabwana wa Wakati (Time Lords), yaani jamii ya Daktari, hawakutajwa kwa jina hilo hadi "The War Games" ya 1969, na jina la sayari yao, Gallifrey, likasikika 1973. Karibu miaka sita watazamaji waliishi na Daktari bila kujua watu wake ni nani.

Kuhusu kutoingilia, hapo ni unafiki mtupu. Mwaka 1969 wanamshtaki Daktari kwa kujitia katika mambo ya wengine, wanamhamishia Duniani (jambo lililowapunguzia watengenezaji gharama za kuunda sayari mpya kila mara). Mwaka 1975, katika "Genesis of the Daleks", ni wao wenyewe wanaomtuma azuie Daleki, maadui zake wakubwa, wasizaliwe. Mwaka uliofuata "The Deadly Assassin" ikatufungulia mlango wao, tukakuta wazee wa majoho mazito, fitina za vyeo, na rais aliyeuawa hadharani. Baadhi ya mashabiki walikasirika. Walitaka miungu, wakapewa baraza la madiwani.

Dhana: Kiswahili hakina mahali katika hadithi hizi.

Jina la Luteni Uhura, afisa wa mawasiliano katika Star Trek, linatokana na neno uhuru, hilo wengi wanalijua. Lakini "The Man Trap", kipindi cha kwanza kuonyeshwa, Septemba 1966, kina kiumbe wa mwisho wa jamii yake, aliyejificha kwenye sayari ya magofu, anayejigeuza kuwa yeyote unayemtamani. Kwa Uhura alikuja kama kijana mtanashati, akamsemesha Kiswahili. Alichokuwa akikitafuta ni chumvi iliyo mwilini mwa Uhura.