Kuchagua muvi ya kutazama pamoja: yanayosemwa na yalivyo

"Netflix inatujua, acha itupangie."

Inamjua mwenye profaili. Hao wengine waliojazana kwenye kochi haijui hata kama wapo. Profaili za ndani ya akaunti moja zilianza mwaka 2013, na mwisho ni tano, lakini nyumba nyingi hutumia moja tu: ya aliyelipia. Humo mna katuni za mtoto, upelelezi wa baba na mapenzi ya Kikorea ya dada, vyote vimechanganyika. Ukifuata mapendekezo hayo, anayeridhishwa ni yule aliyeshika rimoti sana wiki iliyopita. Fungueni profaili ya kutazamia pamoja, iiteni hata "Sebuleni", na mtu akiwa peke yake asiiguse.

"Picha ya jalada inaonyesha muvi ilivyo."

Hapa ndipo wengi tunapoingizwa mjini. Mwaka 2017 wahandisi wa Netflix walieleza wenyewe jinsi wanavyombadilishia kila mtazamaji picha. Mfano mmoja walioutoa ni Good Will Hunting: mpenzi wa hadithi za mahaba huonyeshwa Matt Damon na Minnie Driver wakiwa pamoja, na mpenzi wa vichekesho huonyeshwa Robin Williams. Muvi ni ileile. Sasa wewe na mwenzako mkichagua kila mtu kwenye simu yake, mnaweza kukubaliana haraka sana, mmoja akisubiri mapenzi na mwingine akisubiri kucheka, kumbe wote mmeuziwa jalada. Tazameni trela, tena kwenye skrini moja.

"Iko namba moja Netflix leo, basi ni kali."

Namba hiyo ni hesabu, si sifa. Tangu Juni 2023 Netflix huchukua saa zote ambazo kazi imetazamwa na kuzigawa kwa urefu wake. Wawili walioishia nusu wanahesabika sawa na mmoja aliyemaliza, na aliyemaliza huku akilaani naye yumo. Orodha itakwambia watu wanazungumzia nini, basi.

"Ni katuni, watoto wakae."

Zipo katuni za 18+. Angalieni daraja la umri kwanza. Kenya, bodi ya filamu, KFCB, ina madaraja ya GE (ya watu wote), PG (mtoto aongozwe na mzazi), 16 na 18. Netflix wana yao, kama 7+, 13+ na 16+. Kwa tamthilia, daraja hupimwa kwa tamthilia nzima, kwa hiyo sehemu ya kwanza iliyotulia isiwalaghai.

Ila daraja la umri halimjui mkwe. Muvi ya 13+ inaweza kuwa na busu la sekunde chache ambalo kwa kijana wa siku hizi si kitu, lakini baba mkwe akiwa kwenye kiti cha pembeni, ghafla kila mtu ana ujumbe wa kujibu kwenye simu, na kuna atakayekwenda jikoni kuangalia chungu kisichokuwa motoni. Pembeni ya daraja huandikwa sababu zake: vurugu, lugha chafu, ngono. Someni hapo kabla ya kubonyeza, hasa siku za sikukuu nyumba ikijaa.

"Wazee hawawezi muvi za lugha ngeni."

Wazee gani? Waliokulia vibanda umiza, vile vibanda vya video vya mtaani, walitazama muvi za Wachina na Wahindi zikisimuliwa kwa Kiswahili na Lufufu, na Kenya hadi leo yupo msimulizi DJ Afro. Kinachowachosha ni maandishi madogo chini ya skrini. Yanaongezwa ukubwa kwenye mipangilio. Shida ni kwamba hakuna anayekwenda huko.

"Bando litakwisha."

Inategemea. Kwenye simu iliyowekwa kubana data, GB 1 hufika takriban saa 6. Ubora wa HD unaweza kula hadi GB 3 kwa saa, na 4K hadi 7.

"Tupige kura, wengi wape."

Kwenye nyumba yenye watoto watatu, mama hatashinda kura hata siku moja. Zamu ni bora: wiki hii anachagua huyu, ijayo yule, na kila mmoja ana haki ya kukataa muvi moja bila kujieleza.

Na msichagulie mbele ya TV. Mwaka 2015 watu wa Netflix waliandika kwamba mtazamaji hupoteza hamu baada ya sekunde 60 hadi 90 za kutafuta, akiwa amepitia majina 10 hadi 20. Huyo ni mtu mmoja. Wakiwa watano, chakula kinapoa. Mwenye zamu atume majina matatu kwenye grupu la WhatsApp la familia mchana, watu wakatae yao mapema. Usiku ikipita nusu saa na hakuna aliyecheka wala kuuliza "huyu ni nani tena?", wekeni ya pili.