Je, wajua seli iliyovamiwa na virusi vya matumbwitumbwi huzionya jirani zake?

Matumbwitumbwi, ambayo wengine huyaita perema, hujulikana kwa uvimbe wa tezi za mate zilizo mbele na chini ya masikio. Lakini uvimbe huo hujitokeza, kwa kawaida, siku 16 hadi 18 baada ya mtu kuambukizwa, na muda huo wote mapambano huwa yamekwisha kuanza ndani ya seli. Katika mapambano hayo mwili hutegemea sana kundi la protini ziitwazo intaferoni, na jambo la kwanza la kufahamu kuzihusu ni kwamba haziui kirusi hata kimoja. Kazi yake ni kupeleka onyo.

Kirusi cha matumbwitumbwi hubeba taarifa zake za urithi katika uzi mmoja wa RNA wenye jeni saba tu, na hujizalisha katika sehemu ya seli iliyo nje ya kiini. Kinapojinakili, hutokea vipande vya RNA vyenye nyuzi mbili zilizoshikana, umbo ambalo ni nadra kwa RNA ya seli yenyewe. Ndani ya seli zimo protini za ulinzi zinazolitambua umbo hilo, mojawapo ikiitwa MDA5. Zikishaligundua, huamsha jeni za intaferoni aina ya alfa na beta, nazo intaferoni hizo hutolewa nje ya seli na kuzifikia seli za karibu, ambazo nyingi bado hazijaguswa na kirusi.

Intaferoni inapojishika kwenye kipokezi kilicho juu ya seli jirani, ujumbe hupokewa upande wa ndani na kubebwa hadi kwenye kiini na protini zinazoitwa STAT1 na STAT2. Huko mamia ya jeni huanza kufanya kazi. Miongoni mwa zao lake ni kimeng'enya kiitwacho PKR, chenye uwezo wa kusimamisha utengenezaji wa protini, na vimeng'enya vya OAS, ambavyo husababisha RNA kukatwakatwa. Hapa ndipo, kwa maoni yangu, penye ustadi mkubwa kuliko pote katika mpango huu. Silaha hizi ni za hatari kwa seli yenyewe, kwa kuwa seli isiyoweza kutengeneza protini haiwezi kuishi muda mrefu. Kwa hiyo hutengenezwa na kuwekwa tayari, lakini PKR na OAS hazianzi kazi mpaka zikutane na RNA ya nyuzi mbili, yaani mpaka kirusi kiwe kimekwisha kuingia. Seli iliyoonywa huendelea na maisha yake ya kawaida, huku kirusi kitakachoingia kikikuta kila kitu kinachokihitaji kimefungwa.

Uwezo huu uligunduliwa mwaka 1957 mjini London na Alick Isaacs na Jean Lindenmann, waliokuwa wakichunguza virusi vya mafua kwa kutumia utando wa mayai ya kuku. Waliona kwamba utando uliokutanishwa na virusi vilivyouawa kwa joto ulitoa kitu kilichoukinga utando mwingine, nao wakakipa jina linalotokana na neno la Kiingereza lenye maana ya kuingilia kati.

Kirusi cha matumbwitumbwi nacho hakikubali kushindwa kirahisi. Hutengeneza protini iitwayo V, ambayo huizuia MDA5 isipige kengele na, zaidi ya hapo, huipeleka STAT1 kwenye mtambo wa seli unaovunjavunja protini zilizochakaa. Seli iliyokwisha kutekwa huwa kama kiziwi: intaferoni hufika mlangoni, lakini hakuna wa kuupeleka ujumbe kwenye kiini. Ndiyo maana wakati una uzito mkubwa sana hapa, kwani seli iliyopata onyo kabla ya kirusi kuwasili huwa imekwisha kujihami, ilhali iliyochelewa hunyang'anywa hata uwezo wa kusikia.

Baadaye huja intaferoni ya gama, inayotolewa hasa na seli nyeupe za damu, zikiwemo seli T. Hiyo huzichochea seli nyingine za kinga na kuzifanya seli zilizoambukizwa zionyeshe kwa wingi vipande vya protini za kirusi kwenye uso wake, ili seli T ziweze kuzitambua na kuziua, wakati kingamwili zikivinasa virusi vilivyo nje ya seli.

Ulinzi huu una gharama anayoihisi mgonjwa mwenyewe. Homa, uchovu, maumivu ya misuli na kukosa hamu ya kula, dalili ambazo mara nyingi hutangulia uvimbe wa mashavu, kwa sehemu hutokana na intaferoni na kemikali nyingine za kinga. Jambo hilo lilidhihirika kwa wagonjwa wa homa ya ini waliotibiwa kwa sindano za intaferoni: wengi wao walipata homa, baridi na maumivu ya mwili kama watu wenye mafua, ingawa hakuna kirusi cha mafua kilichokuwa kimewaingia.