Mkopo wa mzunguko na deni la muda mrefu: duka kubwa hupangaje madeni yake?

Mfanyabiashara wa jumla wa Makoroboi, Mwanza, anapomkabidhi mwenye duka wa Nansio, Ukerewe, katoni za sabuni na madumu ya mafuta, kisha akamwambia alete pesa akishauza, hapo tayari kuna mkopo. Hakuna fomu wala mhuri. Ni mali kauli. Kampuni yenye maduka makubwa kumi na magari yake ya kusambaza nayo inaishi kwa mikopo, ila yake imegawanywa katika mafungu, na kila fungu lina muda wake na masharti yake. Mafungu mawili huchanganywa sana: deni la muda mrefu na mkopo wa mzunguko.

Deni la muda mrefu ni fedha ambazo kampuni imekopa na haidaiwi kuzimaliza ndani ya mwaka mmoja. Linaweza kuwa mkopo wa benki wa miaka mitano au saba, au hatifungani ambazo kampuni imewauzia wawekezaji kwa ahadi ya kuwalipa riba kila baada ya muda na kuwarudishia fedha zao siku zinapoiva. Pesa huingia kwa mkupuo na hutoka kwa ratiba.

Mkopo wa mzunguko ni ruhusa zaidi kuliko fedha. Benki inaiambia kampuni: tumekuwekea kikomo cha shilingi bilioni 1.5, chukua unapohitaji, rudisha ukiuza, chukua tena. Riba huhesabiwa kwa kiasi kilichochukuliwa na kwa siku kilizokaa nje. Ovadrafti ni ndugu yake wa karibu, ila yenyewe hufungwa kwenye akaunti ya kila siku, hivyo hundi inapita hata salio likiwa limekwisha.

Tuchukue kampuni ya mfano, makao yake Mwanza mjini, inayotaka kufungua tawi Sengerema. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, gari la mzigo halipangi foleni ya kivuko, kwa hiyo tawi la ng'ambo linawezekana kuliko zamani. Jengo, majokofu, jenereta, rafu na mashine za malipo vinahitaji shilingi bilioni 2.8. Vitu hivi vitafanya kazi kwa miaka mingi, na gharama yake itarudi polepole, kidogo katika kila mauzo.

Kampuni inakopa fedha hizo kwa miaka 7, riba asilimia 15 kwa mwaka. Kwa ajili ya ufupi, tuseme inalipa mara moja kwa mwaka na inapunguza deni lenyewe kwa mafungu sawa ya milioni 400. Mwaka wa kwanza italipa milioni hizo 400 pamoja na riba ya milioni 420, jumla milioni 820. Mwaka wa saba italipa milioni 460 tu, maana riba imebaki milioni 60. Mzigo mkubwa unaangukia mwanzoni, wakati tawi bado ni geni na wateja hawajalizoea. Ndiyo maana meneja wa fedha anayejua kazi yake huomba muda wa nafuu, miezi 6 au 12 ya kulipa riba peke yake kabla ya kuanza kupunguza deni. Ombi hilo lina maana kubwa kuliko kubembeleza nusu asilimia ya riba, na nadhani wengi hulisahau kwa sababu riba ndiyo namba inayoandikwa kwa herufi kubwa.

Sasa ifike Novemba. Mchele, sukari, mafuta, nguo za watoto na vinywaji lazima viwe stoo kabla ya sikukuu. Kampuni inachota bilioni 1 kutoka kwenye mkopo wa mzunguko, inakaa nayo siku 60, na inairudisha Januari. Kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka, gharama ni kama milioni 26.3. Kwa ile milioni 500 ya kikomo ambayo haikuguswa, benki hutoza ada ya kuiweka tayari. Ikiwa ni asilimia 1 kwa mwaka, siku hizo 60 zinatoka kama shilingi 822,000. Kampuni ileile ingekopa bilioni 1 ya kukaa nayo mwaka mzima kwa riba hiyohiyo, ingelipa milioni 160, na kwa miezi mingi pesa ingekuwa imelala tu.

Kanuni inayotokana na hesabu hizi ni kwamba umri wa deni ulingane na umri wa kitu kilichonunuliwa. Jokofu lilipiwe na deni la miaka, gunia la mchele lilipiwe na deni la wiki. Kwa uzoefu wa maduka makubwa ya ukanda wetu, kinachoangusha si ukubwa wa deni peke yake, bali deni fupi kupewa kazi ya deni refu. Mauzo ya Desemba yanaponunua majokofu ya tawi jipya badala ya kurudisha mkopo wa mzunguko, Januari kikomo kinabaki kimejaa. Februari mwenye mchele anakuja kudai, na hakuna pa kuchota.

Nakumatt ya Kenya ilifika hapo. Ilikuwa na maduka zaidi ya 60 katika nchi nne, Tanzania ikiwemo, na mwaka 2014 ilichukua maduka ya Shoprite hapa nchini. Upanuzi ulikwenda kasi, na sehemu ya madeni yake ilikuwa hati za muda mfupi, yaani ahadi za kulipa zilizouzwa kwa wawekezaji, ambazo zikiiva ni lazima zilipwe au zikopewe upya. Kufikia 2017 rafu zilikuwa tupu kwa sababu wasambazaji wasiolipwa waliacha kuleta mzigo, na duka lisilo na mzigo halina cha kuilipa benki wala msambazaji. Januari 2018 iliwekwa chini ya msimamizi, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ivunjwe. Uchumi, kampuni nyingine ya maduka makubwa ya Kenya, ilikuwa imekwisha kufunga maduka yake ya Tanzania na Uganda Oktoba 2015.

Kampuni zilizokomaa hupanga madeni marefu yasiive pamoja. Walmart ya Marekani ilipohitaji fedha za kununua sehemu kubwa ya Flipkart ya India mwaka 2018, iliuza hatifungani za dola bilioni 16 kwa mafungu mengi, mengine ya miaka 2, mengine ya miaka 30. Likiiva fungu moja katika mwaka mbaya, halivuti mengine. Mikopo ya mzunguko inayotoka kwa kundi la benki huwekwa kama akiba nyuma ya hati za muda mfupi. Mara nyingi haichotwi kabisa, na kazi yake ni kuwapo tu. Huku kwetu soko la hatifungani za kampuni bado ni la benki zaidi, kama Jasiri ya NMB ya mwaka 2022 na Kijani ya CRDB ya mwaka 2023, hivyo kampuni ya maduka ya Mwanza itategemea benki.

Riba ya mkopo mrefu inaweza kuwa thabiti au ya kubadilika. Benki Kuu ya Tanzania ilianza kutumia riba yake elekezi Januari 2024 kwa asilimia 5.5, ikaipandisha hadi 6 Aprili mwaka huohuo, na Julai 2025 ikaishusha hadi 5.75. Mwenye mkopo wa riba inayobadilika afuatilie matangazo hayo. Kukopa kwa dola huku ukiuza kwa shilingi ni hatari nyingine, na walioona dola zilivyoadimika 2023 na 2024 hawahitaji maelezo.

Masharti yaliyo ndani ya mkataba yanastahili kusomwa kwa utulivu kuliko riba. Benki inaweza kutaka faida ya uendeshaji isishuke chini ya mara 1.3 ya marejesho ya mwaka. Kwa kampuni yetu, marejesho ya mwaka wa kwanza ni milioni 820, kwa hiyo faida hiyo isipungue milioni 1,066. Ikifika milioni 1,000, kampuni haijakosa kulipa hata senti, lakini imevunja sharti, na benki ina haki ya kudai deni lote au kupandisha riba. Mikataba mingi pia husema ukivunja mkataba kwa mkopeshaji mmoja umehesabiwa umeuvunja kwa wote. Meneja mwenye busara huenda benki mapema, akiwa na hesabu mkononi, kabla sharti halijavunjika. Benki humsikiliza anayekuja mwenyewe kuliko anayeitwa.

Kwa mkopo wa mzunguko kuna sharti ambalo ni kipimo kizuri cha afya: akaunti irudi sifuri kwa siku kadhaa mfululizo, walau mara moja kwa mwaka. Kampuni isiyoweza kurudi sifuri hata Januari, baada ya mauzo ya sikukuu, haina tena mkopo wa mzunguko. Ina deni la muda mrefu lililovaa nguo za deni fupi, na benki inaweza kulidai lote wakati wa mapitio ya mwaka.

Kuna mkopeshaji wa tatu, naye ndiye aliyenifanya niandike haya. Ni anayeleta mchele kutoka Kahama, anayefungasha dagaa wa Kirumba, mama mwenye kiwanda kidogo cha siagi ya karanga. Duka linauza bidhaa yake kwa pesa taslimu ndani ya siku chache, kisha linamlipa baada ya siku 30, 60 au 90. Katikati hapo analikopesha duka bila riba. Hana rehani ya jengo, na ile dhamana ya bidhaa zote zilizomo dukani mara nyingi imeshaandikishwa BRELA, wakala wa serikali wa kusajili kampuni, kwa jina la benki. Kampuni ikifilisika, benki yenye dhamana husimama mbele, na msambazaji husubiri nyuma pamoja na wadai wasio na dhamana yoyote.

Kwa hiyo anayetaka kupeleka mzigo kwa mkataba wa siku 60 aanze kwa kupekua BRELA aone dhamana zilizosajiliwa juu ya kampuni. Awaulize wasambazaji wenzake wanalipwa siku ya ngapi kwa kweli, si kwa karatasi, na kama siku hizo zimekuwa zikirefuka tangu mwaka jana. Akiweza kupata hesabu za kampuni zilizokaguliwa, atazame mstari wa madeni yanayoiva ndani ya miezi 12, aulinganishe na fedha taslimu na bidhaa zilizopo. Na kampuni ikitangaza matawi mapya kila robo mwaka wakati malipo yake yanachelewa, apunguze mzigo au adai nusu ya pesa kabla ya kushusha.