Je, wajua ombi lako mtandaoni linaweza kushonewa kwenye ombi la mhalifu?

Aliyewahi kupanda treni ya Reli ya Kati anaijua stesheni ya Tabora. Treni kutoka Dar es Salaam inakatwa hapo: mabehewa haya ya Kigoma, yale ya Mwanza. Wapangaji wasipokubaliana behewa la mwisho la Kigoma ni lipi, kuna mtu wa Ujiji atakayeamkia Mwanza.

Tovuti kubwa nazo zina Tabora yao. Ombi lako, yaani ujumbe ambao kivinjari chako hutuma kuitaka tovuti kitu, hupokelewa na seva (kompyuta inayohudumia tovuti) ya mbele, inayopitisha maombi ya watu wengi, yakifuatana bila nafasi, kwenye njia moja hadi seva ya nyuma. Hiyo ya nyuma lazima ijue lipi linaishia wapi.

HTTP 1.1, toleo la lugha ambayo vivinjari na seva huzungumza, ina njia mbili za kuonyesha mwisho. Ama ombi litaje urefu wake kwa baiti, ama lije vipande vipande, kipande cha ukubwa sifuri kikiwa cha mwisho. Mhalifu hutumia zote mbili, zikipingana. Seva ya mbele ikifuata urefu, huona ombi moja na kulipitisha lote. Ya nyuma ikifuata vipande, huishia kwenye sifuri, na baiti zilizobaki huzichukua kama mwanzo wa ombi lijalo. Lijalo ni lako. Mabaki yale yakiwa, tuseme, mwanzo wa maoni ya kuchapishwa, ombi lako linageuka maneno ya maoni hayo, pamoja na kuki, yaani alama ndogo inayokutambulisha kwa tovuti. Mhalifu anayasoma tu.

Kinachonishangaza ni kwamba ukizipima seva hizo mojamoja huenda usione kosa lolote.

Hila hii ilielezwa mwaka 2005 na watafiti wa kampuni ya usalama wa tovuti ya Watchfire, ikasahaulika, hadi mtafiti wa usalama James Kettle alipoifufua mwaka 2019. Kumbe kanuni za HTTP za mwaka 1999 zilishasema vipande vishinde urefu! Lakini mhalifu huupotosha kidogo mstari unaotangaza vipande, pengine kwa nafasi moja tu isiyostahili, ili seva moja iutambue na nyingine iupuuze.

Dawa ni seva ya mbele kulikataa ombi lenye kauli mbili kwa jibu la 400 (yaani “ombi baya”) na kukata muunganisho. HTTP/2, toleo lililofuata 1.1, hutaja urefu wa kila fremu, yaani kila kifurushi cha data, hivyo utata huo haupo; ila seva nyingi za mbele huyapokea maombi kwa HTTP/2, kisha huyatafsiri kuwa 1.1 kabla ya kuyapeleka nyuma, na ubishi wa behewa la mwisho unaanza upya.