Jaketi okozi na kizibao cha kuelea si kitu kimoja

Jaketi okozi ni vazi lililotengenezwa ili kumlaza chali aliyelivaa, mdomo na pua vikiwa juu ya maji, hata kama hajui kuogelea, amechoka au amezimia. Kizibao cha kuelea ni vazi linalompunguzia kazi mtu anayeogelea. Maana ndiyo hiyo, na ingetosha kuishia hapo kama katika mialo ya Ziwa Victoria, yaani fukwe wanakoegesha wavuvi, kuanzia Mwanza hadi Ukerewe, mavazi yote mawili yasingeitwa kwa jina moja, mara laifu jaketi, mara boya, na kama muuzaji asingemjibu mvuvi wa dagaa anayeuliza sababu ya tofauti ya bei kwamba "yote yanaelea tu".

Ni kweli kwamba yote yanaelea, na ndiyo sababu jibu hilo linapotosha. Dumu tupu la lita 20 lililofungwa vizuri hubeba karibu kilo 19 ndani ya maji, yaani zaidi ya majaketi mengi yanayouzwa, lakini dumu halimshiki mtu. Mtu ndiye anayelishika, na mikono ikilegea wameachana. Swali la kuulizwa dukani, kwa hiyo, ni kwamba vazi hili litamwelesha mtu uso ukiwa upande gani wakati yeye mwenyewe hawezi tena kufanya lolote.

Swali hilo lina historia yake, na historia yenyewe ni ya ajabu kidogo. Majaketi ya gome la mti wa koki wa Ulaya, yale mepesi kama vizibo vya chupa, yalikuwa yakivaliwa na waokoaji wa pwani ya Uingereza tangu katikati ya karne ya 19, na katika ajali ya mashua ya uokoaji ya Whitby mwaka 1861 aliyenusurika peke yake, Henry Freeman, ndiye aliyekuwa amevaa jaketi la aina hiyo. Hata hivyo, watu wale walikuwa wapiga makasia wenye fahamu zao. Ilipofika Vita ya Pili ya Dunia, marubani waliokuwa wakianguka baharini wakiwa wamejeruhiwa au wamezimia walionyesha kwamba kuelea peke yake hakutoshi, kwa kuwa mtu anaweza kuelea vizuri kabisa huku akiwa kifudifudi. Daktari wa usingizi Edgar Pask, aliyefanya kazi chini ya Profesa Robert Macintosh wa Oxford, alikubali kulazwa kwa nusukaputi na kutumbukizwa bwawani akiwa amevaa jaketi moja baada ya jingine, ili ionekane ni lipi lingemgeuza chali bila yeye kusaidia kwa kidole. Kila ninaposikia "yote yanaelea tu" humkumbuka daktari huyu, kwani hicho ndicho alichokwenda kukipima kwa mwili wake.

Kinachomgeuza mtu ni mahali lilipowekwa povu, yaani ile foam nyepesi iliyoshonewa ndani ya vazi. Katika jaketi okozi, sehemu kubwa ya povu iko kifuani, na nyuma ya shingo kuna kola nene inayokibeba kichwa, hivyo mwili uliolegea huzunguka mpaka kifua kiwe juu. Kizibao kina povu lililogawanywa mbele na mgongoni, hakina kola, na makwapa yake yamekatwa kwa upana ili mikono ipige kasia bila kukwaruzwa. Aliyekivaa akiangukia uso hali amezimia, kizibao kinaweza kumwacha hivyohivyo.

Kisha kuna namba. Viwango vya kimataifa, ISO 12402, vinayapanga mavazi haya katika ngazi za 50, 100, 150 na 275, na namba hizo ni nyutoni, yaani nguvu ya kuinua. Nyutoni 10 ni takriban uzito wa kilo 1. Wengi huzisoma kama kilo za mvaaji, wakaamini kwamba 50 ni ya kijana mwembamba na 100 ni ya mtu mzima mwenye kitambi. Uzito wa mvaaji huandikwa mahali pengine kwenye lebo hiyohiyo, na kwa jambo hili mwenye kitambi ana nafuu, kwa kuwa mafuta ya mwili huelea. Anayezama upesi ni mvuvi aliyekauka kwa kuvuta nyavu. Ngazi ya 50 ndicho kizibao, na imewekwa kwa ajili ya mtu anayejua kuogelea, mwenye fahamu, aliye karibu na ukingo au karibu na msaada. Jaketi okozi huanzia 100.

Mvuvi wa dagaa hana hata sharti moja kati ya hayo analoweza kuliahidi. Huvua usiku wa giza kwa taa, mbali na mwalo, amevaa sweta na koti la mvua, na ni usiku huohuo ambapo pepo za nchi kavu hukutana juu ya ziwa na kuzalisha dhoruba za radi. Katika ghuba iliyotulia, ngazi ya 100 inafaa, ingawa nguo nzito zilizoloa zinaweza kulizuia jaketi lisimgeuze mtu. Kwenye ziwa la wazi ningechagua 150. Lile la kujazwa gesi ni jepesi na linavutia, ila ndoano moja au mwiba wa samaki hulitoboa, na mtungi wake ukishatumika hupati mwingine mwaloni. Povu ni salama zaidi, mradi lisiwe sponji inayonywa maji, na mradi lisigeuzwe mto wa kukalia mtumbwini, maana povu lililobanwa msimu mzima hubaki bapa na nguvu yake hupungua. Livae, funga vifungo vyote, kisha mwenzako alivute juu kwa mabega: likifika masikioni, ni kubwa mno kwako au linahitaji mkanda wa kupita katikati ya mapaja.

Haya hayakifanyi kizibao kuwa kitu kibaya. Anayetega nyavu mchana karibu na ukingo, anayejua kuogelea na anayeonekana na wenzake, atakivaa kutwa nzima bila kuudhika, na kizibao kilichovaliwa kinamfaa kuliko jaketi la 150 lililosukumwa chini ya ubao wa mtumbwi. Muuzaji naye hana kosa kukiuza. Ninachomwomba ni kwamba akiite kizibao cha kuelea, na kabla ya kupokea fedha amwulize mnunuzi anavua wapi na saa ngapi. Akijibiwa "usiku, dagaa", ashushe lile lenye kola.