Maambukizi ya lengelenge la jicho baada ya upasuaji wa glakoma

Trabekulektomi, upasuaji unaofanyika sana wa glakoma (ugonjwa wa presha ya jicho), hairudishi uoni uliopotea. Inafungua tu njia ndogo ili maji ya ndani ya jicho yapate pa kutokea na presha ya jicho ishuke. Maji hayo hukusanyika chini ya utando unaofunika weupe wa jicho, kwa juu, panapofichwa na kope, na hapo huinuka lengelenge dogo. Madaktari huliita blebu.

Ukuta wake ni mwembamba, hasa kama ilitumika mitomaisini, dawa ya kuzuia kovu lisizibe njia. Ukivuja, bakteria hupata pa kupenya. Hatari hii haiishi kidonda kikipona; maambukizi yanaweza kuja hata baada ya miaka mingi, mgonjwa mwenyewe ameshasahau kwamba alipasuliwa.

Yakiwa bado kwenye lengelenge tu, huitwa blebaitisi. Jicho huwa jekundu, huuma, hutoa machozi au tongotongo, na mwanga hulisumbua. Mtu akikuinulia kope huku ukitazama chini, huenda akaona lengelenge limekuwa jeupe zito, wekundu umelizunguka. Kituo cha afya kisichojua historia yako kinaweza kudhani ni macho mekundu ya kawaida, kwa hiyo taja upasuaji kabla ya kueleza kitu kingine chochote.

Uoni ukififia na maumivu yakizidi, huenda bakteria wameshafika ndani ya jicho: hiyo ni endofthalmitisi. Hapo hakuna kusubiri kesho, maana jicho linaweza kuharibika ndani ya saa chache.

Blebaitisi hutibiwa kwa matone ya antibiotiki, mara nyingi kila saa mwanzoni, usiku pia, na daktari hulikagua jicho kila siku. Endofthalmitisi haitoshelezwi na matone. Daktari huchukua sampuli ya majimaji ya ndani, kisha huchoma sindano ya antibiotiki ndani ya jicho lenyewe, kwa kawaida vankomaisini pamoja na seftazidimu. Wengine huhitaji pia upasuaji wa kuondoa ute wa ndani ya jicho uliochafuka. Matone ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) yaliyobaki nyumbani usiyaguse bila kuambiwa: hupunguza wekundu huku bakteria wakiendelea.

Jicho likitulia, hutafutwa tundu. Daktari hupaka rangi ya fluoresini juu ya lengelenge na kutazama kwa mwanga wa buluu. Panapovuja, maji huonekana yakichirizika katikati ya rangi. Uvujaji usioziba wenyewe hushonwa au kufunikwa kwa utando wenye afya wa jicho hilohilo.